Boriti Aliyoichukua Mtani

Jumatatu, 1 Machi 1909

Kasiani wangu amepewa daraja. Naandika tena nilione vizuri: Kasiani wangu amepewa daraja! Si mlango wa ghala, si kiti cha padri. Daraja zima la mbao, hapa hapa mtoni kwetu Mkuyuni, barabara ya Matombo. Barua imetoka bomani Morogoro na ina mhuri wa ndege. Kanisomea mara mbili. Nikamwambia soma ya tatu. Ugali ukashika chini ya chungu, sikujali.

Ana miaka ishirini na mitatu. Useremala kausomea misheni miaka mitano. Mimi nilisoma miwili tu, kuandika, kuhesabu na katekisimu, halafu nikaolewa. Lakini miwili yangu naitumia, ndiyo maana nina daftari. Baba yake marehemu hakujua hata kushika kalamu. Akili ya huyu mtoto imetoka wapi basi? Nisijisifu. Lakini imetoka wapi?

Mto huu umetutesa. Kila masika unafunga watu. Wapagazi wa ulanga, yale mawe ya kumetameta, wanaopeleka magunia kwenye reli hukaa ng'ambo siku tatu, nne, wakila mihogo ya watu. Kina mama hawakai, maana soko halingoji. Masika ya mwaka juzi dada yangu Theresia hakungoja. Kapu la mahindi kichwani, mtoto mgongoni. Aliyeingia majini kuwatafuta ni Pazi wa ng'ambo. Siku mbili, mpaka akawapata.

Pazi ni mtani wetu. Ukoo wake na ukoo wetu ni watani tangu mababu, sisi tunawazika wao, wao wanatuzika sisi, na katikati ni matusi na vicheko. Mkewe Hidaya ndiye aliyemwosha Theresia. Kaburini Pazi akamtukana marehemu, ati mzito hivi kwa sababu alikula bila kualika watu. Nikalia nikacheka. Asiye na mtani huzikwa kimya kama mbwa.

Sasa daraja. Na mbele ya daraja banda la wasafiri. Mwanangu!

Jumatano, 3 Machi

Nimetazama picha ya daraja aliyopewa. Boriti mbili ndefu kutoka ukingo huu hadi ule, mbao juu yake, basi. Nikauliza, mtu anashika wapi? Kasiani anasema hakuna pa kushika, mama, ni daraja la magari ya mkono. Gari halishiki kitu.

Nikamwambia aliyechora hajawahi kubeba kuni.

Akacheka kidogo. Akasema hivyo ndivyo ilivyochorwa. Nikasema Theresia naye hivyo ndivyo alivyochorwa, mwenye kichwa kimoja na mikono miwili, mmoja wa kushika kapu, mwingine wa kushika nini? Jioni nikamwona anapima miti miembamba iliyobaki ya banda. Hasemi, lakini anapima.

Tangu juzi sikai chini. Naenda mtoni, narudi, naenda tena. Wanaume wanaochimba mashimo wamenizoea. Mmoja kasema kwa mwenzake, huyu mama ndiye msimamizi, kijana ni karani wake. Nilijifanya sikusikia. Nilifurahi.

Jumapili, 7 Machi

Dominika ya pili ya Kwaresima. Baada ya misa Rosa kanisalimu kwa kirefu, mwanawe mpishi wa mapadri, kila wiki lazima nisikie mapadri wamekula nini. Leo nilimwacha aseme mpaka mwisho wa supu. Kisha nikamwambia daraja. Nikamwambia mikono ya kushikia pande zote mbili. Nikamwambia banda litaezekwa kwa nyasi nene na atakaa kila mtu, mwenye kanzu, mwenye kaniki, mgonjwa, mjamzito, Mwislamu, Mkristo, mwenye mzigo wa serikali na mwenye mzigo wake. Rosa akauliza nani kasema kila mtu? Nikasema mimi.

Kweli hakuna aliyesema. Kasiani anasema akida, mkubwa wa serikali huku kwetu, hajatamka neno la banda. Lakini paa likishakuwepo na mvua inanyesha, nani atasimama kuwauliza watu wanatoka ukoo gani?

Njiani nikakutana na Pazi. Kofia upande, meno yote nje.

"Mama Kasiani, nasikia mwanao anajenga uchanja wa kuanikia mihogo mtoni."

Nikamwambia nyamaza, mzee wa kuogea matope, ukivuka juu yake utavua viatu.

"Viatu sina."

"Basi utavua miguu!"

Akacheka mpaka akashika mti. Shingo yake ndefu kama ya korongo. Nilimwambia hilo pia.

Jumanne, 9 Machi

Leo jambo kubwa na ni langu mimi.

Mwanamke akiwa peke yake njiani na mzigo mzito hawezi kupumzika. Akiutua chini nani atamtwika tena? Basi hutembea, shingo inawaka moto, mpaka apate mtu. Wanaume hawalijui hili, wao hubeba begani na kuegemeza penye mti. Nikamwambia Kasiani, jenga ulingo. Nguzo mbili na ubao juu, usawa wa kichwa. Mtu anasogea, anatelezesha mzigo wake ubaoni, anapumzika. Akitaka kwenda anaingiza kichwa chini yake, anaondoka. Haombi mtu.

Akanitazama. "Mama," akasema, "usawa wa kichwa cha nani?"

Tukacheka! Basi tukapima. Nikasimama kwenye nguzo akachora chaki usawa wa nyusi zangu. Akaja Hidaya mke wa Pazi, mrefu yule, akachorwa. Akaja Rosa, alikuwa anapita tu, akasema mimi mfupi kila kitu mnanisahau. Akachorwa. Wakaja na wengine, wanawake tisa wamejipanga mtoni wakichorwa kama watoto shule. Hidaya akasema siku zote mambo ya serikali tunapimwa kodi, leo tumepimwa shingo.

Kasiani ataweka mbao tatu, juu, kati na chini. Akaandika namba zake kwenye kijikaratasi na ulimi nje, kama alivyokuwa akiandika akiwa mdogo.

Ijumaa, 12 Machi

Boriti zimefika! Mbili, za mvule, ndefu kuliko nyumba. Wanaume arobaini wamezivuta kwa kamba kutoka msituni siku tatu wakiimba. Moja imelazwa leo, imekaa juu ya mawe kama imeota hapo. Ya pili iko ukingoni inangoja Jumatatu.

Mawingu yamekaa mlimani tangu asubuhi. Hayashuki. Yasishuke.

Pazi kaja kutazama. Akaizunguka boriti. Akaipiga teke. Akasema mti huu umekosa mke. Nikamwambia macho yako yasiidondoshee mate, hii si mifupa ya panya mnayogombania kwenu. Akasema, nikiitaka nitaichukua. Nikasema mbele ya watu wote: ichukue! Ukoo wenu wote mkikusanyika, na wafu wenu muwafufue, hamwezi kuinyanyua hii hata upande mmoja.

Watu wakapiga kelele. Niliwapa kitu cha kusema jioni.

Jumamosi, 13 Machi

Wameichukua!

Mchana kweupe. Wafanyakazi walikuwa wanakula, mimi mwenyewe nawapakulia. Tukasikia vigelegele. Watu wa Pazi, thelathini na ushei, wanawake kwa wanaume, boriti mabegani, wako katikati ya mto maji kiunoni, wanaimba wimbo wenye jina langu ndani yake. Wimbo mchafu. Wafanyakazi wetu walianguka chini kwa kucheka, ugali mdomoni. Mimi nilisimama na mwiko. Machozi ya kicheko, nakiri.

Ndiyo utani. Mtani haibi. Mwizi hujificha. Mtani huchukua mbele ya macho yako, hupiga kelele, kisha hukaa na kitu chako mpaka umkomboe. Pazi kasimama ng'ambo akatangaza bei, jogoo mweupe na mtungi wa pombe, nao uletwe na mimi mwenyewe kichwani.

Kasiani peke yake hakucheka. Jasho jembamba juu ya mdomo. "Mama, ile ni boriti ya serikali."

Nikamwambia ni boriti ya mvule, na mvule umeota kabla ya serikali. Itarudi.

Jumatatu, 15 Machi

Haijarudi. Naandika kwa nini, ili nisije nikajidanganya.

Jana baada ya misa Kasiani kaniambia mama, leo jioni mpelekee jogoo. Nikamwambia jogoo ninaye, lakini pombe siwezi kupika Kwaresima, nimeweka nadhiri. Akasema basi nitanunua kwa watu. Nikasema mtungi wa kununua ni aibu, Pazi atauimbia wimbo mwingine. Nikamtumia Pazi neno: togwa badala ya pombe. Akajibu togwa ni ya watoto, aitwe Kasiani aje anywe. Nikamtumia neno: utangoja mpaka Pasaka. Akajibu yeye hana haraka, boriti anaikalia, inafaa makalio yake.

Leo Kasiani akasema tena. Sauti ndogo. Akasema akida atapita kukagua Jumatano. Nikamwambia Jumatano asubuhi itakuwa hapa, mimi na Pazi tunajuana, hata yeye anajua siku ya kurudisha.

Ndivyo nilivyosema. Sikutaka kushindwa na Pazi mbele ya watu wote. Basi.

Jumanne, 16 Machi

Nimemkamata jogoo. Pombe nimekubali kununua, Mungu anisamehe, kwa Paskalia wa njia panda. Hakuwa nayo leo. Kesho alfajiri. Mguu wangu mmoja hautulii hata nikikaa.

Jumatano, 17 Machi

Akida hakungoja jua lipande.

Nilikuwa njiani natoka kwa Paskalia, mtungi kichwani, jogoo kwapani. Nikawaona kule mtoni. Akida Mikidadi na mwavuli wake, karani wake, na askari mmoja wa boma, Mnubi, mgeni kabisa huku. Akida akamuuliza Kasiani boriti ya pili iko wapi. Kasiani akatazama ng'ambo. Hilo tu, alitazama. Wakavuka.

Wakamkuta Pazi amekaa juu yake anakunywa uji.

Akasimama akicheka. Alidhani wamekuja kwa utani nao! Askari akampiga kitako cha bunduki. Hidaya akapiga ukunga. Nikaingia majini na mtungi wangu nikipiga kelele, jogoo huyu! Pombe hii! Nakomboa! Akida akageuka akaniona. Akida ni mtu wa pwani, mtu gani wa pwani asiyejua utani? Uso wake niliuona, alielewa yote. Akainamisha mwavuli.

Nikamshika kanzu ukingoni. Shikamoo Bwana Akida, unajua hili ni jambo gani. Akajibu polepole, kama anamwambia ndugu, ninajua mama. Lakini askari ameona, na jana karani ameshapeleka barua kwamba boriti moja haipo. Tangu vita vya Maji Maji, kitu cha serikali kikiondoka mahali pake huitwa uasi. Nikiandika utani, watauliza na mimi ni mtani wa nani.

Wamemfunga kamba mikono nyuma. Mtungi uliniponyoka mtoni, sijui saa ngapi.

Alhamisi, 18 Machi

Watu wa Pazi wamelazimishwa kuirudisha boriti wenyewe. Ile ile njia, maji yale yale. Hakuna aliyeimba. Wameilaza mahali pake, Kasiani akapigilia. Nyundo tu. Hata ndege hatukumsikia.

Pazi yuko kwa akida, ndani. Jumatatu atapelekwa mbele ya Bwana Shauri, Mzungu anayehukumu kesi bomani Morogoro. Wizi wa mali ya serikali. Wanasema ni hamsa ishirini, viboko ishirini na tano, na mnyororo miezi sita. Pazi ana mvi kifuani. Mwaka jana huko njia ya Kiroka alipigwa mtu mwenye umri wake, hakuamka kitandani.

Shahidi mmoja anatosha: Kasiani.

Ijumaa, 19 Machi

Mtakatifu Yosefu, msimamizi wa maseremala. Kila mwaka siku hii namwekea Kasiani kuku. Leo kala mihogo nusu akaondoka.

Nimemkuta bandani anapiga randa ubao ambao umeshalainika. Nikamuuliza, wakikuuliza utasema nini? Akaendelea kupiga randa. Nikauliza tena. Akaweka randa chini.

Akida kamwita jana jioni. Kamwambia, ukisema ndiyo aliiba, kazi yako inaendelea, kuna daraja lingine juu huko Matombo, jina lako limeshatajwa. Ukisema ni utani, utaulizwa: fundi, ulijua boriti iko wapi siku nne, mbona hukuja kusema? Basi na wewe ni mwenzake. Mnyororo una nafasi.

"Siku nne, mama," akasema. Hakusema zaidi. Hakuniambia nilikuomba Jumapili, nikakuomba Jumatatu. Heri angesema! Heri angenifokea kama mtoto wa mtu mwingine.

Nikamwambia mimi nitasimama, nitasema ni kosa langu. Akasema mwanamke hawatamsikiliza, na wakikusikiliza je, nitafurahi? Nikauliza basi utasema nini. Akasema labda nitasema sikuona.

Sikuona! Boriti ndefu kuliko nyumba!

Nikatoka. Nikasimama mtoni. Daraja limekwisha. Ni zuri. Hata leo, naliona, ni zuri, siwezi kusema si zuri.

Jumamosi, 20 Machi

Mvua imenyesha tangu alfajiri, mto umejaa, rangi ya chai. Tumeondoka kwenda Morogoro, safari ya kutwa. Kasiani ametangulia na watu wa akida.

Wa kwanza kuvuka daraja ni Hidaya. Nilikuwa bandani upande huu namngoja. Akaja peke yake, kapu kichwani, chakula cha Pazi na mkeka na nguo. Mkono mmoja kapu, mmoja umeshika mti wa pembeni. Chini maji yanavuma yanapita na magogo. Akavuka bila kutazama chini. Akafika kwenye ulingo, kwenye ubao wa juu uliopimwa kwa nyusi zake. Akatelezesha kapu. Akajifuta uso. Akakaza kanga. Akaingiza kichwa chini ya kapu, akainuka nalo.

Aibu yangu nitaiandika: nilitaka asifu. Mume wake amefungwa kwa ajili ya mdomo wangu na mimi nasimama pale nikingoja aseme ulingo mzuri.

Nyuma yake wakaanza kuja wengine. Wapagazi, mwanamke na mbuzi, kipofu mmoja na fimbo yake akifuata mti kwa kiganja mpaka mwisho, akasema kumbe! Mkuyuni wote walikuwa wanavuka. Sisi tukashika njia.

Tumetembea hadi Kiroka. Hapo Hidaya akasema, "Mama Kasiani, wewe unatembea kama bata anayedaiwa."

Nikalia tu. Akasema usilie, jibu! Nikamwambia na wewe unatembea kama ngazi iliyosimama yenyewe. Akasema afadhali. Tukaendelea.

Jumapili, 21 Machi

Morogoro. Tumelala kwa binamu yake Hidaya, Mwaisha, karibu na reli. Misa sikufika, nimesali njiani.

Nimeliona gari la moshi. Linatisha, kisha ukilizoea unalionea huruma, linapumua kama mzee. Watu wanalingoja juani, wamekaa juu ya vifurushi vyao. Jengo lina paa pana na benchi, hakuna aliyekaa. Nikamuuliza mzee mmoja mbona hamkai? Akasema hatujakatazwa. Mbona hamkai basi? Akasema hatujaambiwa.

Nikakaa mimi. Nikakaa kidogo tu, nikaondoka. Kitu gani kinanifanya nikae na mtu yuko kifungoni.

Kasiani nimemwona kwa mbali uani bomani. Amevaa koti la misheni. Amekonda kwa siku mbili! Nilimpungia. Sijui kama aliona.

Jumatatu, 22 Machi

Naandika juu ya goti, barazani bomani. Wamenitoa nje. Naanza mwanzo maana mikono inataka kazi.

Shauri letu lilikuwa la tatu. Chumba kirefu, watu wamesimama nyuma, mimi na Hidaya mlangoni. Bwana Shauri ni kijana, miwani, mafua. Kando yake mkalimani, mtu wa Tanga. Wakamleta Pazi na mnyororo shingoni pamoja na wengine wawili, ukiburuzika sakafuni. Hidaya alinishika mkono, kucha zake bado ninazo.

Kasiani kasimama mbele, kofia mkononi. Mkalimani akauliza: Fundi, boriti ilikuwa chini yako. Mtu huyu aliiba, ndiyo au siyo?

Kabla hajajibu, Pazi akaongea. Hakuulizwa! Sauti ile ile ya njiani.

"Msimsumbue. Huyo hajui tofauti ya boriti na fito. Daraja lake akipita mbuzi mwenye mimba litazaa kabla yake."

Watu wakacheka, wakanyamaza ghafla kama waliozibwa. Askari akavuta mnyororo. Pazi akayumba lakini macho hayakutoka kwa Kasiani. Anangoja. Mtani akirusha unadaka na unarudisha, hata mtoto wa miaka sita wa kwetu anajua. Akirudisha tu, chumba kizima kitajua hawa ni watani, hakuna mwizi hapa. Pazi alikuwa anampa mlango. Na mnyororo shingoni, anampa mlango!

Kasiani akatazama viatu vyake.

Nikangoja. Mungu anajua nilingoja. Nilihesabu, nilifika tisa. Mtoto wangu niliyemfundisha shikamoo na sala ya Bwana, mwenye barua ya mhuri, anatazama viatu. Sikumchukia. Niliona ana miaka mitano tena na anaogopa mbwa.

Basi nikajibu mimi. Kutoka mlangoni, kwa sauti ya sokoni:

"Pazi we! Shingo ya korongo! Huo mnyororo wenyewe unaona haya kukuvaa, umezoea watu wenye sura! Mlichukua boriti moja watu thelathini na ushei mkahema kama vyura, mimi ningeibeba peke yangu na wewe juu yake!"

Akacheka! Alicheka mpaka mnyororo ukalia na wale wawili waliofungwa naye wakacheka. Nyuma watu wote. Hidaya analia anacheka.

Bwana Shauri akagonga meza. Akauliza, mwanamke kasema nini? Mkalimani akajikuna. Akasema kamtukana mwizi. Bwana Shauri akauliza, mbona mwizi anafurahi? Mkalimani akaanza kusema, akaacha, akaanza tena. Akaniuliza mimi ni nani. Nikasema mama wa fundi, aliyeambiwa aikomboe boriti Jumapili akangoja Jumatano, mimi! Sijui kama alilifasiri hilo. Askari alikuwa ameshanishika bega.

Nilipokuwa natolewa nikasikia Bwana Shauri anasema jambo refu, na mkalimani akageuka kwa Kasiani: Fundi, wewe umesoma na wewe ni wa huko. Eleza hili lililotokea hapa.

Mlango ukafungwa.

Dirisha lina mbao za kukingama. Naona mgongo wa koti lake na kidogo cha kichwa cha Pazi. Kasiani ameanza kusema. Polepole, anasimama, mkalimani anafasiri, anasema tena. Amenyoosha mkono, anaonyesha urefu wa kitu. Sasa anaonyesha kama mtu aliyebeba begani. Sauti naisikia, maneno siyasikii.

Hidaya ananivuta kanga, anasema nini? Nimemwambia sijui. Anasema mengi. Ndiyo ni neno moja na siyo ni neno moja, na huyu bado anasema, mkono umeshuka sasa, amemgeukia Pazi, na kichwa cha Pazi kinatikisika kwa kicheko — Bwana Shauri ameweka kalamu chini —